Kufuli la Takataka

Katika karakana yetu ya lifti, spea nzuri haikai kwenye rafu. Rafu ni ya kuonyesha wageni. Breki mpya, beringi ambayo bado ina mafuta yake ya kiwandani, swichi ya mlango iliyopatikana kwa kuhangaika, vyote tunavifunga kwa tambara chafu na kuvitupa kwenye pipa la vyuma chakavu pale mlangoni. Mwizi akiingia anapekua rafu, anavunja kabati, anaondoka na bisibisi. Pipa halitazami. Nani anaiba taka? Ujanja huo tuliachiwa na fundi aliyenifundisha kazi, ambaye leo ndiye bosi wetu, na hatujawahi kupoteza kitu cha maana.

Nasema hili mapema, maana bila hilo mtamwona shemeji yangu hana akili.

Shemeji yangu ni mdogo wake mke wangu. Mafundi wanamwita Kamba kwa sababu ni mwembamba na anashinda ndani ya mashimo ya lifti akikagua kamba za chuma. Ndiye mkaguzi wetu. Mimi ni mkuu wa karakana. Shule niliiacha mapema, lakini lifti haijawahi kuniomba cheti.

Tuliitwa ofisini wakuu wa vitengo wote, kupanga muda wa kutunza barua pepe na mafaili ya zamani. Dada wa kompyuta alisema mtambo umejaa. Kila barua tangu kampuni ianze bado imo, pamoja na picha za harusi za watu na matangazo ya viatu. Sasa kila kitu kitapewa umri wake. Mikataba itakaa miaka kumi, hesabu miaka saba, barua za kawaida miaka mitatu. Umri ukiisha, kinajifuta chenyewe.

"Na vilivyo kwenye folda ya Takataka?" akauliza. "Napendekeza vifutwe kila Jumapili."

"Vifutwe hata leo," nikasema. "Taka ni taka."

"Fundi Mkuu ameshatoa hukumu," mhasibu akadakia, watu wakacheka.

Bosi hakucheka. Alikuwa anasoma karatasi ya utaratibu huo mstari kwa mstari.

"La mwisho," dada akasema. "Ikitokea ajali, kesi au malalamiko, tunaweka kufuli. Likishawekwa, hakuna kinachofutwa kuhusu jambo hilo. Hata mimi siwezi, mpaka mwanasheria alifungue."

"Nani anaamuru kufuli?" Bosi akauliza.

"Wewe, bosi. Au mkuu wa kitengo yeyote, jambo likigusa kitengo chake."

"Hata huyu mwenye grisi?" Mhasibu alininyooshea kalamu.

"Hata huyo."

"Basi nitaanza na mdomo wako," nikamwambia. Tukacheka tena, Bosi akasaini, tukaenda kula.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo, lifti ya jengo moja la kupanga ikaanguka. Haikuanguka kutoka juu kabisa, ingekuwa msiba. Ilitoka ghorofa ya pili ikapiga chini. Ndani alikuwamo nesi mstaafu aliyetoka sokoni. Miguu yote miwili ilivunjika. Nilipofika walikuwa wameshamtoa, viazi vimetawanyika, na kiatu chake kimoja kimesimama wima katikati ya lifti kana kwamba amekivua mwenyewe aingie sebuleni. Nimeona lifti nyingi mbovu. Kiatu kile bado nakiona.

Kabla jua halijazama msimamizi wa jengo alishawaambia polisi kwamba hawakuonywa na mtu. Polisi wakasema Jumatatu mchana watakuja kumchukua mkaguzi.

Mke wangu hakupiga kelele. Alinisubiri nivue buti. "Mdogo wangu ulimtoa kwa mama kwa mkono wako," akasema. "Ukasema utamfundisha kazi. Akienda jela, habari hiyo utaipeleka wewe kwa mama. Mimi sitakusindikiza."

"Haendi popote. Ana barua."

Kamba mwenyewe alikuwa mezani kwetu, anakula kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. "Dada, tulia bwana. Niliwaandikia zaidi ya mara moja kwamba kamba zimechakaa, wazime lifti. Msimamizi akanijibu, tumieni tu, tutaona mbele ya safari. Ninazo zote. Nimezificha pazuri."

Neno hilo lilipita masikioni mwangu, nami nikaliacha lipite.

Jumatatu asubuhi tulikaa ofisini kwa Bosi: yeye, mwanasheria wa kampuni, dada wa kompyuta, Kamba na mimi. Kamba akavuta kompyuta, akabonyeza, akasubiri. Akabonyeza tena. Kwenye kioo kulikuwa na maneno machache tu: folda hii haina kitu.

"Subiri," akasema. "Labda mtandao."

"Uliziweka folda gani?" dada akauliza.

"Takataka."

Dada alijifunika mdomo. Mwanasheria akavua miwani.

"Barua za maana umeziweka kwenye Takataka?" akauliza. "Na ulizotuma wewe?"

"Nilizikusanya zote pamoja, za kutuma na za kujibiwa. Si ndiyo salama? Mtu akiingia kwenye kompyuta yangu atatafuta kwingine." Akanigeukia, rangi imemtoka. "Si kama pipa, Shem?"

Siku ile Kamba hakuwa kikaoni. Alikuwa ndani ya shimo la lifti mahali fulani. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kwenye kiti, nikichekesha watu. Nikamtazama Bosi. Mwanasheria alikuwa anashangaa, dada anashangaa. Bosi peke yake hakuuliza mtu anawezaje kuweka mali kwenye taka. Alikuwa anatazama meza.

"Zimekufa kabisa?" nikauliza.

"Bado," dada akasema haraka. "Kikifutwa Takataka, mtambo unakishikilia nyuma kidogo. Vya jana vinafagiliwa leo saa sita." Tukatazama saa ya ukutani kwa pamoja. Mishale ilikuwa karibu kukutana. "Lakini siwezi kuchokonoa huko bila kufuli. Bosi, toa amri tu, niweke kufuli kwa jengo lile. Litashika barua za wote waliohusika. Za Kamba, za Fundi Mkuu, na zako."

"Zangu za nini?"

"Mkataba wa jengo unausimamia wewe."

Nilidhani atasema weka. Mtu huyu alinishika mkono nikiwa sijui hata kushika spana, akanifundisha kusikiliza breki kwa sikio. Siku niliyokatwa kidole alinifunga kwa shati lake. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba nilishaanza kupumua.

"Tusiende mbio," akasema. "Jambo hili linataka kikao."

"Kikao gani, bosi?" dada akauliza. "Hizo ni dakika."

"Nimesema tusiende mbio."

"Bosi?" Kamba akaita. Aliita kwa sauti ndogo, kama mtoto anayeita gizani asijue kama kuna mtu.

Bosi akainua kikombe cha chai akakinywa. Kilikuwa kitupu. Nilikiona mpaka chini, na bado alikuwa anakinywa.

"Dada, weka kufuli," nikasema.

"Wewe nyamaza," Bosi akasema.

"Sinyamazi. Mimi ni mkuu wa karakana na lifti imeanguka. Kitengo changu. Kikaoni ilisemwa hata mwenye grisi."

Dada alimtazama mwanasheria. Mwanasheria alirudisha miwani usoni. "Utaratibu unamruhusu," akasema polepole. "Na sahihi iliyo chini yake ni ya bosi."

Vidole vya dada vilikwenda mbio. Sikuelewa alichoandika, niliangalia saa tu. Kisha akaegemea kiti, akafuta mikono kwenye sketi.

Barua zikaanza kurudi. Moja, kimya. Nyingine. Ya kwanza kufunguliwa ilikuwa na picha ya kamba ya chuma iliyochanika nyuzi, zimesimama kama nywele za mtu aliyetoka kitandani. Chini yake jibu la msimamizi, neno kwa neno kama Kamba alivyosema. Kamba akalaza paji la uso kwenye meza. Nikamwekea mkono mgongoni.

"Bosi," dada akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kufuli limeshika na zako. Kuna barua nyingi za jengo lile ulizofuta Jumamosi."

"Jumamosi tumefunga," nikasema.

Bosi akakishika kikombe kwa mikono miwili.

"Usizifungue," mwanasheria akamwambia dada. "Nitazisoma mimi, polisi wakiwapo. Mtu asiguse kompyuta hiyo."

Bosi akasimama kama anataka kutoka, halafu akakaa tena, kana kwamba amesahau mlango uko wapi. Nilitaka kumuuliza kitu kimoja tu. Siku ile ya kikao, aliposoma karatasi mstari kwa mstari wakati sisi tunacheka, alikuwa anajua vijana wake wanaficha wapi mali? Pipa lilikuwa lake kabla halijawa letu.

Simu yangu ikaita. Mke wangu.

"Anarudi?" akauliza.

"Anarudi."

"Basi mbona unaongea hivyo? Nani amekufa?"

Nilimtazama Bosi, na kikombe kitupu mkononi mwake.

"Hakuna," nikasema. "Pika. Tunakuja wote wawili."