Sala kwa Joka la Kasanga

Siku ya nne pale Kasanga bado hatukuwa na joka la ziwani tulilokuja kulitengenezea filamu. Tulikuwa na gogo, tairi la trekta linaloelea, na picha ndefu ya Evaristi, mwongozaji wetu kutoka Dar, akinong'ona mbele ya kamera: "Huku hakuna binadamu anayethubutu kufika." Nyuma yake wapagazi walikuwa wakipakia saruji kwenye boti ya Kongo.

Mimi naitwa Scola, wa Kizwite, Sumbawanga. Kutafsiri Kifipa kwenye filamu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo. Niliipenda mno. Niliamini watu wangetuona Wafipa tulivyo.

Asubuhi hiyo kina mama wa kijiji cha Kaengesa waliofuata dagaa walimkuta Bibi Dominika, mzee wa pale, amekaa ufukweni akitazama maji. Wakachuchumaa, wakapiga makofi taratibu, kama tunavyowaamkia wakubwa kwetu. Christopha, mpiga picha, akarekodi yote.

"Tumelipata!" Evaristi akaruka. "Wanaliabudu joka! Scola, shika kipaza sauti, soma tafsiri: 'Ee joka, tuonee huruma.'"

"Kaka, wanamwamkia bibi. Wanamuuliza goti lake."

"Goti halina watazamaji, mdogo wangu."

"Ila hawa wana kanisa, wana watoto shuleni."

"Soma, au natafuta mwingine leo hii."

Chuoni, kila nikisema natoka Sumbawanga, waliniuliza ungo wangu wa kurukia kichawi nimeuegesha wapi. Miaka minne nilicheka nao. Sasa nilitakiwa niwape ushahidi, kwa sauti yangu mwenyewe.

Nikamwendea Bibi Dominika, nikamweleza.

"Eti wanaabudu nini?"

"Joka, bibi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Siku nne huyo kijana anapita hapa hata shikamoo hana. Joka ni yeye!"

Kina mama wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilirudi, nikashika kipaza sauti, nikasoma: "Umeamkaje, mama? Goti linaendeleaje?"

"Rudia," Evaristi akasema.

Nikarudia yaleyale, kwa sauti kubwa zaidi.

"Scola! Hii kazi huitaki?"

"Naitaka sana, kaka."

Nikasoma mara ya tatu. Evaristi alimwamuru Christopha azime kamera. Christopha akajifanya hasikii. Kina mama walikuwa wamenizunguka, na Bibi Dominika akainamia kipaza sauti.

"Linaendelea vizuri," akasema. "Na hilo uliweke kwenye filamu."