Mstari Mmoja kwenye Orodha ya Reijo

Saimi alikuwa na miezi mitano, na hakuna mahali alipopenda kulala kama nje, kwenye theluji. Ndivyo walivyo watoto wa Iisalmi, mji mdogo wa Finland: ndani wanalia, nje wanakoroma. Basi kila asubuhi saa mbili mama yake, Vilja Kontkanen, alimfunika blanketi la sufu mpaka kidevuni, akamsukuma kwenye kigari hadi ukumbi wa michezo, akakiegesha ukutani kusiko na upepo, chini ya dirisha la mtunza ukumbi. Kisha akaingia kurusha mpira.

Alikuwa na saa moja tu kabla wanafunzi hawajaja. Kyllikki, mtunza ukumbi, alimfungulia mlango ingawa ratiba ilisema pamefungwa, akaendelea kudeki bila kutaka shukrani.

Kwenye ukumbi huohuo Vilja alianza kucheza akiwa na miaka tisa, kwa viatu vya kaka yake. Mpira wa kikapu ulimpeleka Poland misimu miwili, Ufaransa mitatu, na jezi ya taifa akaivaa mara thelathini na moja. Sasa hakutaka tena kwenda mbali. Alitaka miezi iliyobaki ya msimu huu, na timu ya mji wake, ajue kama bado ni mchezaji au ni mtu aliyewahi kucheza. Orodha ya mwisho ya wachezaji ilikuwa inafungwa Ijumaa.

Na kocha hakusema neno. Kila asubuhi, wiki ya saba sasa, Reijo Hyttinen aliingia na kikombe chake cha kahawa, akakaa benchi la juu, akatazama kama robo saa, akavaa kofia, akatoka. "Asubuhi," alisema akiingia. Akitoka hakusema kitu.

"Muulize," Touko, mumewe, alimwambia Alhamisi wakinywa uji.

"Angenitaka angesema."

"Labda naye anakungoja wewe."

"Nimuulize, halafu aseme hapana, tutaangaliana vipi dukani? Ungekuwa wewe ungeuliza?"

Touko alipaka siagi kwenye mkate wake mweusi, akapaka tena palipokwisha kupakwa. "Mimi ningemtuma mama yangu."

Asubuhi hiyo mpira haukutaka kuingia. Uligonga pete, ukagonga ubao, ukamrudia. Reijo hakumaliza hata dakika kumi. Aliweka kikombe chini, akavaa kofia na kutoka haraka kuliko siku zote. Vilja akabaki ameukumbatia mpira tumboni. Basi, alijiambia, jibu ndilo hilo. Akaurudisha mpira kwenye kabati, akaenda kwenye chumba cha Kyllikki.

"Kesho siji," alisema. "Nimekuja kukushukuru kwa kunifungulia."

Kyllikki alikamua dekio taratibu. "Unaumwa?"

"Siumwi. Kocha amekwisha kuona alichotaka kuona."

Alisogea dirishani amtazame mwanawe. Kigari hakikuwepo. Akawahi kitasa cha mlango.

"Tulia, binti. Tazama kule kwenye magari."

Kule, kwenye uwanja wa kuegesha magari, Reijo Hyttinen alikuwa anasukuma kigari kwenye theluji, kofia imefunika masikio, anazunguka gari lake mwenyewe kama mtu aliyepoteza kitu. Midomo ilikuwa inacheza. Mtu ambaye timu nzima ilimjua kwa maneno matatu kwa siku alikuwa anapiga soga.

"Mtoto anaamka saa mbili na nusu," alisema Kyllikki. "Leo kawahi. Wiki ile ya kwanza nilitaka kukuita, Reijo akanikataza. Akasema, mwache arushe, mimi nitambembeleza."

"Wiki zote hizi? Na hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

Vilja alitoka vilevile, na bukta yake. Reijo alipomwona alisimama wima kama mtu aliyekamatwa na kuku wa jirani kwapani.

"Amelala sasa hivi," alinong'ona. "Usimwamshe."

"Kocha, nataka kucheza."

"Nimeona."

"Sasa mbona husemi?"

"Wewe mbona husemi?" Alitazama theluji. "Mtu akishakuwa mama si vizuri kumbana. Nikasema, akitaka ataniambia. Ungenikatalia, ningekuangalia vipi dukani?"

Vilja alicheka mpaka akashika kigari. Reijo alichomoa karatasi iliyokunjwa mara nne ndani ya koti. Majina kumi na moja, na chini yake mstari mtupu.

"Nimeuacha tangu Krismasi."

"Na nisingesema?"

"Ningeupeleka hivyohivyo mtupu."

Hapo ndipo Vilja alipowakumbuka wengine: mama yake na akina mama wenzake waliopika maandazi na kuyauza mlangoni Jumapili baada ya Jumapili, timu ya watoto ipate basi la kwendea mechi, mwenye nyumba wa Poland aliyekuwa anamwachia supu mlangoni, anagonga, anakimbia. Alidhani amekimbia peke yake miaka yote hiyo. Kumbe kila mara kulikuwa na mtu nje ya ukumbi, anasukuma kitu chake kimyakimya, asimsumbue.

"Asante," alisema, wala hakuishia kutikisa kichwa kama ilivyo kawaida ya watu wa kwao. "Asante kwa kumtembeza. Na kwa mstari."

Reijo hakujua aweke wapi macho. "Jumatatu saa kumi na moja. Mkono wako wa kushoto umelala kuliko huyu mtoto."

Kyllikki aligonga kioo kutoka ndani. "Ingieni! Binti ana magoti wazi!"

Lakini Vilja alikuwa ameshaomba kalamu. Alichuchumaa, akatandaza karatasi kwenye paja, akajaza mstari ule kwa herufi kubwa, jina la kwanza na la ukoo, bila kuharakisha, baridi ikimng'ata vidole.