Brashi ya Nanyokie

Mvua za mwisho wa mwaka wa 1997 zilipoanza, watu wa Kitengela walizishukuru. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukaingia, na bado ilikuwa inanyesha. Hapo shukrani zikaisha. Udongo wa huko ni mweusi, na ukilowa hushika mguu kama gundi. Ukiinua mguu wa kulia, nusu ya barabara inainuka nao.

Jioni moja Jentrix alifika nyumbani akiwa na kiatu kimoja.

"Kingine kiko wapi?" mumewe akamwuliza.

"Uliza barabara," alisema, akaketi kwenye ngazi ya mlango.

Jentrix alikuwa karani katika kampuni ya bima jijini Nairobi. Kila asubuhi alitoka na gambuti miguuni na viatu vya ofisi kwenye mfuko, na kila asubuhi alitafuta mahali pa kubadilishia. Gambuti zenyewe, zikiwa na kilo mbili za matope, alizibeba hadi kazini na kuzificha chini ya meza. Siku hiyo alikuwa amechoka kubeba, akajaribu kurudi nyumbani na viatu vya kawaida. Barabara ikachukua kimoja.

Mumewe, Khisa, alifundisha sanaa na ufundi katika shule ya msingi. Walikuwa wametoka Kimilili, na pamoja na binti yao Yvonne walipanga vyumba viwili kwenye ploti ya Nalotuesha, mama mjane wa Kimaasai ambaye ng'ombe wake walilala nyuma ya ukuta wa wapangaji. Khisa hakuwa mtu wa kuona shida akaiacha. Alishawahi kutengeneza kengele ya maziwa: kibati kinachoelea ndani ya sufuria, maziwa yakipanda kinasukuma kengele ya baiskeli. Kengele ililia vizuri sana, ila ilipolia maziwa yalikuwa tayari yako kwenye jiko. Alitengeneza pia kamba ya kuzima taa mtu akiwa kitandani. Ilizima taa na kuangusha pazia.

Alimwangalia mkewe akikamua soksi, akasema, "Mama Yvonne, nipe wiki mbili."

"Baba Yvonne, tafadhali. Sitaki mashine. Nataka kiatu."

Lakini Khisa alikuwa ameshaanza kuwaza. Alichukua baiskeli kuukuu, akaisimamisha juu ya fremu ya mbao, akaunganisha cheni na mti wa mviringo aliouvalisha brashi ngumu za kusugulia sakafu. Juu yake akaning'iniza mtungi uliotobolewa ili maji yadondoke. Mawazo yake yalikuwa haya: kibanda kidogo pale stejini watu wanapopandia matatu, mfanyakazi anakuja na matope yake, anaweka mguu kwenye ubao, Khisa anakanyaga pedali, gambuti inatakata, inawekwa kwenye rafu, na mtu anaenda mjini akiwa safi. Jioni anarudi anachukua gambuti zake. Alimweleza kila mwalimu shuleni. Wengine walimwambia ni wazo zuri. Wengine walimwuliza kama amelala vizuri.

Alifungua kibanda Jumamosi. Mtu wa kwanza kupita alikuwa Pastor Muteti, aliyevaa suti ya kijivu na gambuti, akienda kufungisha ndoa.

"Mwalimu, hii ni kitu gani?"

"Ya kuosha gambuti, Pastor. Weka mguu hapo tu."

Pastor akaweka mguu. Khisa, kwa furaha ya kupata mteja, akakanyaga kwa nguvu zake zote. Brashi zilizunguka kwa kasi ambayo hakuwa ameijaribu nyumbani, na matope, badala ya kushuka chini na maji, yakaruka juu. Yaliruka kwenye suruali, kwenye koti, kwenye tai, na mengine yakatua kwenye ndevu. Khisa akaacha kukanyaga.

Pastor alifuta jicho moja. Akatazama chini.

"Mwalimu," alisema polepole, "gambuti imetakata."

Na kweli ilikuwa inang'aa. Watu walicheka mpaka wengine wakashikilia nguzo. Pastor alifungisha ndoa ile akiwa amevaa sweta ya baba wa bwana harusi, na Jumatatu wanafunzi wa Khisa walikuwa wameshampa jina jipya: Mwalimu Matope.

Khisa aliirudisha mashine nyumbani, akaisukuma nyuma ya ukuta karibu na boma la ng'ombe, asiione. Kwa siku kadhaa hakugusa hata nyundo. Jentrix, ambaye alikuwa amecheka kuliko mtu yeyote, alianza kumwonea huruma. Siku moja akamwambia kwa upole kwamba alikuwa ameongea na Phylis, mama wa kuuza sukuma wiki pale stejini, na Phylis alikuwa amekubali kumwekea gambuti zake chini ya meza hadi jioni.

"Bila kuziosha?" Khisa akauliza.

"Jioni si nitazivaa kwa matope yale yale?"

Khisa alifikiri kidogo. Kisha kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, alicheka. "Kweli. Sikuwa nimefika hapo."

Mambo yangeishia hapo kama si Nanyokie. Huyo alikuwa ng'ombe wa Nalotuesha, mwekundu, mwenye maziwa mengi na tabia mbaya. Alipiga teke kila aliyemkamua, na alipokuwa hapigi teke alikuwa akijikuna kwenye nguzo za ua hadi zinalala. Uwanda wa Kitengela hauna miti ya kutosha ya ng'ombe kujikunia, na nguzo za mwenye ploti ndizo zilizobeba mzigo huo.

Jumapili moja, Khisa na Jentrix wakiwa wametoka kanisani, walisikia Nalotuesha akiita nyuma ya ukuta.

"Mwalimu! Kuja uone!"

Walimkuta amesimama mikono kiunoni. Nanyokie alikuwa ameegemea mashine ya gambuti. Brashi zilikuwa zinazunguka kidogo kidogo kila alipojisukuma, naye alikuwa amefumba macho, amenyoosha shingo, na ulimi umening'inia.

"Pole sana, Yeiyo," Khisa alisema haraka, akimwita mama kwa Kimaasai. "Naitoa leo leo."

"Nani amesema utoe? Panda hiyo baiskeli."

"Nipande?"

"Panda, ukanyage. Pole pole, si kama ile ya Pastor."

Khisa akapanda na suruali yake ya kanisani. Alipoanza kukanyaga, Nanyokie alitoa mlio wa chini ambao Nalotuesha mwenyewe hakuwahi kuusikia. Mama akachukua kibuyu, akainama, akaanza kukamua. Ng'ombe hakuinua hata kwato.

"Usiache!" Nalotuesha akasema alipoona Khisa anapunguza. "Endelea, endelea! Sidai! Sidai oleng!"

Jentrix alikalia jiwe, akacheka hadi machozi yakamtoka. Khisa naye alikuwa anacheka, jasho likimtiririka. Ilikuwa muda mrefu hajasikia mtu akisema kazi yake ni nzuri sana, kwa Kimaasai au kwa lugha yoyote.

Shida ni kwamba Nanyokie alikamuliwa kila asubuhi. Kwa hivyo kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Khisa alipanda baiskeli na kumkuna ng'ombe wa mwenye nyumba. Alifika darasani akinuka samadi. Jentrix alivumilia kwa muda, kisha siku moja, akiwa anafunga kitambaa kichwani, akasimama kwenye pengo la ukuta akamwangalia.

"Baba Yvonne, huyo ng'ombe ana nguvu kuliko wewe, si ndiyo?"

"Sana."

"Na wewe ndiye unakanyaga?"

Khisa akaacha kukanyaga. Nanyokie aligeuka kumwangalia kwa hasira, kisha akajisukuma mwenyewe, na brashi ikazunguka.

Alianza upya siku hiyo hiyo. Alitoa baiskeli yote. Alisimamisha chuma kinene ardhini, akafunga brashi moja pana kwa springi ya gari kuukuu ili ilegee ng'ombe akiegemea na irudi akitoka. Ya kwanza ilikuwa na springi ngumu mno. Nanyokie aliegemea, akatoka, na brashi ikamrudia kwa kofi kubwa la matakoni. Alipita katikati ya ua, akakimbia na waya na nguzo zake shingoni hadi kwenye uwanja wa kanisa. Ya pili haikukazwa vizuri, ikang'oka. Ya tatu alimwomba Jentrix aijaribu kwa mkono, wakabadilisha springi pamoja, na hiyo ikafanya kazi. Hata mbuzi walipanga foleni.

Mwezi wa sita, mvua zikiwa zimekwisha na nyasi zimesimama, Katoo alikuja kumsalimia shemeji yake Nalotuesha. Alikuwa mfugaji kutoka upande wa Kajiado, mtu mrefu mwenye maneno machache. Alikunywa chai yake yote akiwa amesimama, akimtazama Nanyokie akijikuna.

"Ua wako hauanguki siku hizi," alimwambia Nalotuesha.

"Tangu mwalimu aweke hiyo kitu, haujaanguka."

Katoo akageukia Khisa. "Mimi niko na ua wa kilomita nyingi. Ng'ombe wanaulalia kila siku. Unaweza kuniletea moja?"

Khisa alimwangalia Jentrix. Jentrix akasema, "Ataleta mbili."

Walipofika kwa Katoo Jumamosi iliyofuata, walikuta wazee kadhaa wamekaa kwenye viti vyao vidogo kungoja. Habari zilikuwa zimetangulia. Khisa alisimamisha nguzo ya brashi, akajaza mawe shimoni, akarudi nyuma. Mzee mmoja mwenye blanketi la bluu akasema kwa sauti ya kusikika:

"Ng'ombe anajikuna mwenyewe tangu zamani. Anunuliwe kifaa cha nini?"

Wengine wakaitikia. Khisa alihisi masikio yanapata moto. Dume kubwa la Katoo lilikuja, likanusa brashi, likapiga chafya, likaondoka zake. Mzee wa blanketi akacheka. Khisa alimkumbuka Pastor na sweta ya baba wa bwana harusi, akatamani ardhi ya Kajiado nayo ingekuwa na matope ya kumficha.

"Ngoja," Jentrix alimnong'onezea. "Hata Nanyokie hakuelewa siku ya kwanza."

Walingoja. Mtamba mmoja wa madoa, mdogo na mdadisi, akasogea. Akagusa kwa pua. Akagusa kwa shavu. Kisha akaegemeza shingo, springi ikalegea, na mtamba akafumba macho. Alijikuna shingo, akageuka akajikuna mgongo, akageuka tena. Dume likamwona. Likarudi mbio, likamsukuma mtamba pembeni, likaegemea kwa uzito wake wote. Nguzo ikalia lakini haikuhama. Dume likaanza kutoa ute mdomoni kama ndama anayenyonya, na hapo hata mzee wa blanketi aliinuka kwenda kuona vizuri.

"Katoo," alisema, "dume lako limelewa."

Wazee wakacheka wote, na kicheko hicho Khisa hakukiogopa. Alicheka nao. Katoo akaeleza habari ya ua, jinsi nguzo za mierezi zilivyo ngumu kupatikana, na jinsi mtu anavyomaliza wiki nzima akisimamisha alizosimamisha wiki iliyopita. Mzee alisikiliza, akazunguka ile brashi, akaitingisha kwa fimbo. Mwishowe akasema anataka yake, na kwamba atampa mwalimu kondoo dume. Jentrix akamwangalia kondoo mwembamba waliyeonyeshwa, akasema kwa heshima, "Baba, yule mwingine ndiye tunampenda." Mzee akamtazama kwa muda, kisha akaonyesha meno yote aliyobakiwa nayo. Walirudi Kitengela na yule mwingine.

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Khisa hakuacha kufundisha, wala Jentrix hakuacha ofisi, lakini nyuma ya ukuta wa Nalotuesha kukajaa vyuma, springi na brashi. Nalotuesha hakudai kodi ya sehemu hiyo. Alitaka tu aina mpya ijaribiwe kwanza na ng'ombe wake. Wanafunzi wa darasa la saba walipofundishwa somo la springi, walitembezwa hadi pale, na jina la Mwalimu Matope likafifia lenyewe, bila mtu kulikataza. Si kila kitu kilienda vizuri. Mwenye ranchi mmoja alirudisha brashi tatu kwa sababu ng'ombe wake waliziogopa, na hakuna aliyewahi kujua sababu. Lakini wengi walikuja, na waliokuja walileta wengine.

Mwaka wa 2001, likizo ya Agosti, mume na mke walipata lori la kuwapeleka Illasit na mzigo wao mkubwa kuliko yote: brashi za wakulima wa huko wanaofuga ng'ombe wa maziwa. Walisimamisha ya mwisho saa sita mchana. Mlima mrefu ulio juu ya Illasit ulikuwa wazi, theluji yote ikionekana. Mwenye shamba, mama mnene mchangamfu, aliwaletea githeri, parachichi na chai ya moto, wakala wameketi kwenye nyasi huku ng'ombe wakigombania zamu.

Khisa alivua viatu, akanyoosha miguu. Alikuwa ameshiba, mgongo ukimuuma kwa namna nzuri, ya kazi iliyokwisha. Jentrix alikuwa ameegemea bega lake akichokonoa meno na kijiti.

"Mwalimu," mwenye shamba akasema, akiongeza chai, "hizi ni za ng'ombe. Na kuku je? Kuku wangu wako na viroboto, wanajigaragaza kwenye vumbi mpaka wananichimbulia mboga. Hamna kitu ya kuku?"

Khisa alifungua mdomo kusema hakuna. Hakuwahi hata kuwaza juu ya kuku.

"Iko," Jentrix akasema. "Tunakuletea Disemba."

Khisa akageuka kumwangalia. Jentrix alikuwa anatazama kuku wa yule mama kwa makini, akiwa amekunja macho kidogo, na kile kijiti mkononi mwake kilikuwa kimeanza kuchora kitu ardhini.