Dakika Ishirini Zisizohesabiwa

Nianze kwa kukiri kwamba nilimtukana Mutunga. Nilimtukana hadharani, siku ile ile niliyomwona mara ya kwanza, naye akanijibu, "Shikamoo, mzee," jambo lililonikera zaidi.

Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki kando ya barabara, mkabala na msikiti wetu, hapa baina ya Ukunda na Msambweni. Magotini ana fomu, mkononi ana kidude cha kubonyeza kwa kidole gumba. Gari likipita, anabonyeza. Mtu akivuka kwa miguu, anabonyeza. Hesabu hiyo ndiyo ingeamua kama ramani ya barabara mpya ipitishwe. Na aliyeilipia, pamoja na ramani, pamoja na soda za mkutano wa wananchi, ni kampuni moja inayojenga majumba ya kifahari na duka kubwa hapo mbele. Tuliambiwa tushukuru, maana serikali ingechelewa na kampuni ina haraka. Basi mwenye haraka ndiye aliyepewa kalamu.

Na kalamu aliitumia. Ramani ilionyesha ukuta wa zege katikati ya barabara, kilomita tatu nzima, ili magari yasipunguze mwendo. Penye lango la kampuni, nafasi ya kuvuka. Penye duka lake, nafasi. Penye msikiti wetu, ukuta. Na makaburi yetu yako ng'ambo.

Jina langu Abdulrahim. Kazi yangu ni fundi wa mabomba katika mahoteli ya Diani, na katika kamati ya maziko ya msikiti mimi ndiye mwenye ufunguo wa stoo ya jeneza. Kwetu maiti hubebwa mabegani. Jeneza likipita, aliye kwenye biashara yake anaiacha, anatia bega hata kama ni hatua saba tu, kisha anampisha mwengine. Mtu huzikwa na waliomjua na wasiomjua.

Mamangu, Bi Mejumaa, ana miaka themanini na mitatu na moyo unaomsumbua. Habari ya ukuta ilipomfikia, aliniita jikoni.

"Abdulrahim, mimi sitazungushwa kwa gari mpaka kwenye lango la matajiri kama gunia la saruji. Mnibebe. Mnivushe hapa hapa, mnilaze kando ya babako."

"Inshallah, mama."

"Sijakuuliza inshallah. Nimekwambia uniahidi."

Nikaahidi. Kuahidi jikoni ni rahisi.

Kwenye mkutano wa wananchi nilikuwa nimejiandaa vizuri, maneno yote yamepangika kichwani. Kisha Bwana Elijah, afisa wa kampuni, kijana nadhifu mwenye tabasamu lisilozimika, akasema suala letu la makaburi limepokelewa na litatazamwa. Damu ikanipanda. Nilimwita mwizi, nikawaita wenzake wezi, nikapokonywa maikrofoni. Baadaye nilionyeshwa kumbukumbu za mkutano. Hoja yangu yote ilikuwa mstari mmoja: "Mzee mmoja alikasirika."

Ndipo Elijah akatangaza zawadi. Kampuni itaupa msikiti gari la maiti, jipya, lenye kiyoyozi. Watu wakapiga makofi. Kamati yangu mwenyewe ikapiga makofi! Nikarudi nyumbani peke yangu na mdomo wangu, na nilipomkuta Mutunga, kijana wa Kikamba, kesho yake amekaa mbele ya msikiti anabonyeza kidude, nikamwita mbwa wa kampuni. Kwa mtu anayeswali, hilo si neno la kumtolea mwenzio, na mpaka leo linanichoma.

Siku ya tatu ya hesabu, Jumatano, akafariki jirani yetu Mwinyihaji, fundi cherehani. Tulimswalia baada ya adhuhuri tukamtoa. Tulipofika barabarani magari yakasimama, kama kawaida. Mimi nilikuwa mbele upande wa kushoto, nikageuza shingo kumpisha mtu, nikamwona Mutunga amesimama. Akavua kofia, akaweka kidude chake juu ya kiti, akaja akaingia chini ya jeneza.

Ni mrefu mno. Jeneza likainama upande mmoja, mtu akamwambia, "Kunja magoti, bwana!" Akakunja magoti. Alitembea hivyo, nusu amechutama, mpaka ng'ambo, na hakumpisha mtu mpaka makaburini. Na mimi, Mungu anisamehe, niliwaza kwamba sasa kampuni inapeleleza hata makaburi yetu. Ndivyo nilivyo.

Yaliyofuata sikuyajua mpaka baadaye. Aliporudi kwenye kiti chake, zilikuwa zimepita dakika ishirini. Msimamizi wake alipoona nafasi tupu kwenye fomu alimwamuru ajaze makadirio, aandike kama saa zilizotangulia, watu wachache tu, ili karatasi ipendeze. Mutunga akakataa. Alisema hawezi kuandika asichokihesabu. Jumamosi akaambiwa asirudi tena.

Wiki mbili baadaye nilikuwa nafunga bomba la kutawadhia nje ya msikiti. Likaja gari la serikali, akashuka mwanamke mfupi mwenye viatu vya vumbi, na Elijah nyuma yake.

"Shikamoo, baba. Mimi ni Mhandisi Kache. Ramani ya barabara hii inasubiri sahihi yangu."

"Marahaba," nikasema, nikijiandaa kukasirika.

Akatoa karatasi. "Nimesoma kurasa mia mbili za hesabu, zote zimejaa. Ukurasa mmoja una dakika ishirini tupu, na mhesabu ameandika hivi." Akasoma: "'Sikuhesabu. Nilikuwa nimebeba jeneza. Watu walikuwa wengi na magari yote yalisimama.' Nataka unionyeshe hilo jeneza lilivuka wapi."

Hasira yote niliyokuwa nimeiandaa ikakosa pa kwenda. Niliweka spana chini, nikampeleka. Alivuka nami kwa hatua zetu za mazikoni, akatazama makaburi, akatazama tulikotoka.

"Mhandisi, hilo tumeshalitatua," Elijah akasema. "Tunawapa gari, zuri sana."

"Linachukua watu wangapi?"

"Wanne, na dereva."

"Na siku ile walivuka wangapi?"

Elijah akanitazama mimi. Mimi pia sikujua.

"Mwanangu," nikamwambia Kache, "mazikoni hatuhesabiani."

"Basi nitahesabu mimi," akasema. "Siku nane, Ijumaa mbili ndani yake, kuanzia alfajiri mpaka isha, na watu wangu mwenyewe. Sitii sahihi kabla ya hapo."

Wakahesabu. Katika siku nane hakufa mtu, alhamdulillahi, lakini palionekana yale ambayo kampuni haikuwa imeyaona kwa sababu wahesabu wake walianza saa tatu asubuhi, wakafunga saa kumi jioni, na Ijumaa mchana walipumzika. Wafanyakazi wa mahoteli walivuka kabla jua halijachomoza na baada ya kuchwa. Watoto wa madrasa walivuka jioni. Wajawazito walivuka mapema kuwahi foleni ya zahanati, akina mama walivuka alfajiri kwenda sokoni na kurudi jioni. Siku ya Ijumaa palikuwa hapabonyezeki kwa wingi wa watu.

Mwezi uliofuata Kache alinipigia simu. Ukuta utakatwa mbele ya msikiti, na barabara itainuliwa pale ili magari yapunguze mwendo. Ameshatia sahihi. Nilianza kumshukuru.

"Usinishukuru mimi," akasema. "Bila zile dakika ishirini nisingeshuka kwenye gari. Yule kijana ameachishwa kazi, nitakutumia namba yake."

Nilienda na nakala ya ramani kwa mama. Hasomi, lakini nilishika kidole chake nikakipitisha juu ya ule mstari mrefu mpaka kilipofika penye nafasi. Kikatulia hapo.

"Nani aliyetuachia hapa?"

Nikamweleza yote, na tusi langu pia. Alinitazama kwa namna iliyonifanya nijione nina miaka saba.

"Mpigie. Uliza mamake anaitwa nani. Mimi humwombea mtu kwa jina la mamake."

Nikapiga, nikaweka sauti juu ili naye asikie.

"Ni Abdulrahim," nikasema. "Yule mzee wa msikitini."

"Yule aliyeniita..."

"Ndiye. Nilikukosea sana. Nakuomba msamaha."

"Iliisha, mzee. Niko nyumbani Shimba Hills, nalima."

Nikampa habari ya ramani. Alicheka kwa furaha, kicheko cha mtu aliyeshangaa. Kisha nikamwuliza jina la mamake, nikamweleza kwa nini ninaliuliza.

"Anaitwa Mutheu," akasema. "Aliaga mwaka jana. Walimzika mimi niko Samburu, nahesabu malori kwa highway. Niliomba ruhusa siku moja tu, wakaniambia hesabu haiwezi kukatika. Sikumbeba, mzee. Ndio maana nilipoona jeneza lenu siku hiyo, sikuweza kukaa."

Nilikuwa nalia, na sioni haya kusema hivyo. Mamangu alishasogeza simu karibu yake, akainua mikono, akaanza. Alimwombea Mutunga mwana wa Mutheu riziki, afya na watoto wa kumbeba. Kisha akamtaja Mutheu mwenyewe, akamwombea kwa Mola apumzike, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona na ambaye hakuwa wa dini yetu. Sikumkatiza. Dua ilikuwa ndefu, na kila mamangu aliposhusha pumzi, nilimsikia Mutunga kule upande wa pili akiitikia amina.