Maji ya Mchele

Mmea wangu wa kwanza niliununua sokoni Iloilo, huku Ufilipino, na muuzaji akanionya nisiumwagilie mpaka udongo ukauke. Nikatii kama mtoto wa shule. Wapi! Majani yakawa ya manjano, yakadondoka, na chungu kikaanza kunuka kama pombe ya jana.

Ndipo nikamfuma mama mkwe, Nanay Pacing, akiumiminia maji aliyooshea mchele.

"Mama! Kumbe ni wewe unayeuzamisha?"

"Haya maji yana nguvu, mwanangu. Tangu enzi za bibi yangu hatuyamwagi bure."

Na nyumba hii hupika wali asubuhi, mchana na jioni! Nilipomlalamikia mume wangu, Rodel, akajikuna kichwa.

"Mimi huumwagia ya asubuhi tu."

Nilichemka. Mizizi ilikuwa imeoza yote. Nikautupa, nikaweka wa plastiki pale pale, nikanyamaza nione.

Jumapili nikakuta kibaraza kimelowa chapachapa. Nanay Pacing, bakuli mkononi, alikuwa akiwaonyesha majirani.

"Na huyu mkamwana alikuwa ananifokea! Tangu niongeze maji, haujadondosha hata jani moja."