Uzi wa Mlangoni

Kabla hakujapambazuka nilisikia kufuli la kabati likitikiswa, mlio mdogo kama kijiko kikigusa kikombe. Alikuwa mkamwana wangu, anahakikisha sukari haijaguswa. Kufuli lenyewe alilivisha kitambaa lisije likanikatiza usingizi. Ananishuku, lakini hataki kuniamsha. Ndivyo alivyo.

Shida ilikuwa vipimo vyangu vya kisukari. Nikilala, sukari iko vizuri. Nikiamka, hata maji sijanywa, iko juu.

"Mama, usiku unakula nini?"

"Sili kitu."

"Basi sukari inapanda ngazi yenyewe?"

Mwanangu aliinamia sahani yake, kimya. Kimya kile kiliniuma kuliko maneno ya mkewe. Uzee wote huu, nimekuwa mdokozi! Sikutaka kingine ila kuaminiwa.

Nikasimulia hayo kliniki, na wakaniunganisha na mtafiti wa homoni, binti mwenye miwani inayomteleza puani kila mara. Alikuja nyumbani, akaupasha mkono wake moto kwa kuusugua kabla ya kunishika, kisha akanibandika begani kidude cha kupimia sukari usiku na mchana, kidogo kama kifungo cha koti.

"Usibadilishe chochote, Bibi. Kama unadokoa, dokoa kama kawaida."

"Hata wewe!"

"Mimi bado sijui," alisema, akicheka. "Ndiyo maana nimekuja."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Wengine wote walikuwa wanajua tayari.

Aliporudi alifungua kompyuta juu ya cherehani ya mkamwana wangu, maana meza ilijaa nguo za wateja. Mstari wa vipimo vyangu ulilala usiku kucha, halafu karibu na alfajiri ukaanza kupanda.

"Huo hapo!" mkamwana wangu aliruka. "Saa hizo ndiyo anaamka!"

Mtafiti akasukuma miwani yake. "Umewahi kumwona?"

Mkamwana wangu akaanza kuokota vipande vya nyuzi sakafuni, kama vile ndiyo kazi aliyoitiwa.

"Kila usiku nafunga uzi mlangoni kwake," alisema mwishowe. "Uzi mwembamba. Akitoka tu, unakatika."

"Na asubuhi?"

"Naukuta mzima."

"Kila siku?"

"Kila siku. Nikadhani anaufunga upya."

"Kwa macho haya?" niliuliza. "Mimi ambaye hata uzi wa sindano unanitungia wewe?"

Mtafiti alicheka mpaka miwani ikaanguka. Mkamwana wangu naye akajitahidi kununa, akashindwa.

Kisha mtafiti akatueleza. Mwili hujiandaa kuamka mapema kuliko sisi. Alfajiri homoni fulani hulipigia ini hodi, nalo hutoa sukari liliyoiweka akiba. Mtu mwenye afya ana insulini ya kutosha kuituliza. Mimi yangu haitoshi.

"Kwa hiyo mdokozi ni ini," nilisema.

"Ni ini, Bibi. Ila kwa nini wengine liwafanye hivi sana na wengine kidogo, hilo ndilo ninalolitafuta." Alisema atampelekea daktari wangu mstari ule, aangalie dawa. Nisijiongezee mwenyewe, wala nisijipunguzie.

Mwanangu aliporudi kutoka kazini, mtafiti akikusanya vitu vyake, mkewe hakungoja avue viatu. "Mama hakuwahi kugusa sukari," alimwambia. "Nilikosea mimi." Mwanangu akaja kukaa karibu nami, akanishika mkono, asiseme neno. Safari hii kimya chake kilikuwa kizuri.

Mkamwana wangu alikwenda kabatini, akafungua kufuli, akalitia kwenye kopo la vifungo. Kitambaa alikikunja akaniwekea mapajani.

Mtafiti alikuwa anavaa viatu mlangoni. Mkamwana wangu akamfuata, sauti yake imeshuka.

"Dada, mama yangu mzazi naye anayo sukari. Nami huwa namgombeza hivi hivi. Njoo tena, tafadhali. Nitamwita awepo."