Meno Yaliyopigwa Mswaki

Machimboni walimwita Babu Meno, na ya kwake mwenyewe kinywani yalibaki manne, kwa hiyo utani haukuisha. "Babu Meno, si uazime moja la papa utafunie nyama!" Naye hucheka kaziba mdomo na kiganja, halafu anarudi kugonga jiwe kwa tindo, pole pole, kama anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa.

Maana meno alikuwa nayo kweli. Ya papa! Bahari yenyewe iko mbali na pale, safari ya siku nzima, lakini zamani hizo ambazo hakuna binadamu wa kuzisimulia, machimbo yale ya chokaa yalikuwa chini ya maji, na papa walipita humo wakidondosha meno kama watoto wa darasa la kwanza. Miaka ishirini na miwili Babu aliyaokota. Mengine madogo kama punje ya mchele, moja limejaa kiganja. Kila jino na kisanduku chake cha kiberiti kisicho na maandishi, vyote ndani ya sanduku la bati, sanduku chini ya kitanda.

Na kila jino lilikuwa na kipande cha jiwe kimegandia kwenye mzizi. Hicho hakukibandua hata siku moja. Ukimuuliza, anakwambia, "Hicho ndicho kitambulisho chake." Binti yake alishasikia maneno hayo mara mia. Alijua ni utani tu wa baba.

Binti huyu alikuwa dobi, na si dobi wa kubahatisha. Shati lililoshindikana kwengine kote linaletwa kwake, linatoka linang'aa hadi mwenyewe analikana. Alirudi kukaa na baba yake tangu kifua kilipombana mzee. Vumbi la chokaa hilo, miaka yote hiyo, lilikuwa limehamia ndani.

Sasa, kulikuwa na jambo moja tu Babu alilolitaka kabla hajafumba macho. Chini kabisa machimboni kulikuwa na tabaka la jiwe la kijivu, na wasomi wote walisema humo hamna kitu, hamjawahi kuishi hata dagaa. Babu alisema yamo meno, ameyatoa kwa mikono yake, kumi na tisa. Walimcheka. Kisha machimbo yakafungwa, shimo likajaa maji, kijivu chote kikazama. Aliandika barua makumbusho, akaandika tena, miaka sita. Mwishowe mtaalamu akajibu: nakuja Jumamosi.

"Akisema ni kweli, mwanangu, basi," Babu alisema. "Mimi nimemaliza."

Ijumaa alikwenda hospitali kuvutishwa dawa ya kifua. Binti akavuta sanduku, akafungua kiberiti kimoja, akaguna. Yaani mgeni wa watu atoke makumbusho aje kuonyeshwa uchafu huu? Na dobi gani asiyejua dawa ya chokaa? Siki! Akamimina kwenye beseni, akayatumbukiza yote kwa pamoja, yakachemka mapovu shwaa. Akachukua mswaki. Moja moja, akiimba. Jiwe likalainika, likamomonyoka, maji ya kijivu na meupe akayamwaga mferejini. Meno yakatoka yanameta kama vioo. Akayapanga juu ya taulo jeupe, makubwa huku, madogo huku, akapiga picha, akaituma kwenye kundi la familia: "Meno ya baba yameota upya!" Shangazi akajibu kwamba tangu azaliwe hajaona kitu kizuri hivyo.

Mzee aliporudi hoi akamwambia, "Nimekuandalia kitu. Utakiona kesho, usichungulie."

Hakuchungulia.

Mtaalamu alikuwa dada mmoja mwenye viatu vya vumbi na lenzi ndogo shingoni. Alisalimia kwa adabu, akaketi kitini. Binti akaja na taulo kwa mikono miwili, kama anayeleta mtoto mchanga.

Babu akatazama. Akanyoosha mkono, akagusa jino moja kwenye mzizi, akaurudisha mkono mapajani.

Mtaalamu naye akaokota, akageuza, akaweka lenzi. "Mazuri mno, mzee wangu. Ya kijivu ni yapi? Jiwe lake liko wapi?"

"Ah, hilo nime..." binti alianza, anatabasamu.

"Niliyaosha mimi," Babu alisema.

Binti akamgeukia. Tabasamu lilikuwa bado liko usoni, limesahaulika hapo.

Mtaalamu akashusha pumzi. Akaeleza taratibu, bila ukali. Ndani ya lile jiwe mna visalia vya viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndivyo vinavyosema jino limetoka tabaka gani, la umri gani. "Mimi nakuamini, mzee wangu. Lakini mimi kukuamini hakutoshi. Hamna hata picha za kabla?"

Binti alifungua simu. Picha ilikuwa moja, ya kwenye taulo.

Mtaalamu aliomba lile kubwa, watoto wa shule walitazame. Kwenye kikaratasi aliandika: tabaka halijulikani. Akaaga.

Mlango ulipofungwa binti alikaa sakafuni. "Baba, kwa nini umesema ni wewe?"

"Dobi akivuma kwamba ameharibu, nani atampa tena shuka lake?" Alijaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza. Kilipotulia akasema, "Lete kalamu."

Akaanza kuyachukua moja moja, anafumba macho, anapapasa kwa kidole gumba. "Hili la kijivu. Mwaka ule winchi ilipokatika. Andika. Hili la njano, juu kabisa. Andika." Binti anaandika, anarudisha jino kwenye kiberiti, machozi yanadondokea karatasi. La tano Babu aligeuza, akageuza tena. Zamani angelijua kwa lile jiwe lake tu.

"Hili silijui."

"Baba, si useme tu la kijivu? Nani atajua?"

"Andika silijui."

Akaandika. Na la sita. Na la saba likawa la kijivu, kisha matatu mfululizo hayajulikani. Hadi jua linapanda ukutani lilikuwa limebaki taulo tupu linalonuka siki. Vya kijivu vilikuwa viberiti vinne. Babu akavisogeza karibu na mto wake, akalala kavigeukia.